Chini ya Nguo Nyeusi

Monasterini, Italia
12 Januari 2003

Wapendwa Baba na Mama,

Msicheke mwandiko wangu. Theluji imefika dirishani, na humu chumba chenye moto ni kimoja tu, cha masista wagonjwa. Mimi ni mzima na ninakula vizuri. Mama, usianze kuuliza.

Uliniuliza hii monasteri ni nyumba ya namna gani hata mtu aingie asitoke. Ni nyumba ya mawe iliyojengwa miaka mia tisa iliyopita, na tangu hapo haijawahi kukosa watu wa kusali ndani yake. Sasa tumebaki kumi na wawili. Tisa ni wazee wa hapahapa, na watatu ni sisi Waafrika: mimi, mmoja wa Benin na mmoja wa Madagaska. Watalii wanakuja kila siku, wanakata tiketi, wanatazama picha za kale ukutani, halafu wanaingia kanisani kutusikiliza tukiimba. Wao wanakaa upande wao, sisi upande wetu, na katikati kuna nondo za chuma. Wakati mwingine mtoto wao anauliza kitu kwa sauti na mama yake anamnyamazisha. Hapo ninawakumbuka sana.

Sasa neno lenyewe. Tarehe 4 Mei nitaweka nadhiri za daima. Baada ya siku hiyo mimi ni wa humu mpaka kaburini, na kaburi lenyewe liko bustanini. Ibada ni ndefu, ina mambo mengi ya kale. Sitayaandika, kwa sababu namjua Baba, ataitupa barua kabla hajafika mwisho.

Baba, najua wewe ni mchungaji na mimi nimekwenda kwa Wakatoliki. Najua ulisema nini siku niliyopanda ndege. Lakini tulipopotezana tukikimbia Bukavu, masista ndio walionificha, na moyo wangu ulibaki kwao. Sikutaka kukutia aibu. Katika ukoo wetu binti akiondoka, baba humwekea mkono kichwani na kusema neno la kumwachilia. Asiposema, watu husema binti amejiiba. Sitaki kumwendea Mungu kama mtu aliyejiiba. Ndugu yangu Dady yuko nchi hiihii, anachuma machungwa huko kusini. Mpe neno lako aniletee, aniwekee mkono badala yako. Siku hiyo hufungua kimlango katika zile nondo kwa ajili ya ndugu.

Binti yenu,
Exaucée


Lubaga, Kampala
2 Machi 2003

Mwanangu Exaucée,

Nilimsomea baba yako barua. Nilipofika pale ulipotaja mkono, akainuka akaenda kumwagilia sukuma wiki zake, na mvua ilikuwa inanyesha. Alirudi ameloa chapachapa, akaomba chai, akasema: "Mimi kila Jumapili nahubiri watu wasisujudie sanamu. Nikimbariki huyu, Jumapili nitasimama niseme nini?" Nikammiminia chai. Mume wa ndoa ya miaka thelathini ukimjibu kila neno utachakaa ulimi.

Kanisa lake bado liko Kabalagala, lile banda la mabati katikati ya baa mbili. Jumapili asubuhi walevi wa Jumamosi wanaingia wakidhani muziki bado unaendelea, na wawili wameokoka hivyohivyo. Mimi nazunguka na vitenge vyangu begani kama zamani. Miguu inalalamika, lakini wateja wapo. Hapa Lubaga tunalala chini ya kilima cha kanisa kuu lenu, na kengele zikilia alfajiri baba yako anaziba masikio na mto. Kilima chenyewe hajakipanda hata siku moja tangu tuhamie. Anasema macho yake hayana haja na kule.

Sukari yake inapanda na kushuka. Vidonge anameza nikimsimamia kama askari, nikigeuka anavificha mfukoni. Lakini wewe usiogope. Hasira ya baba yako ni moto wa mabua. Juzi nimemkuta ameishika picha yako, ile ya gauni la shule, akasema anatafuta miwani. Miwani ilikuwa puani.

Mpe muda.

Mama yako,
Nabintu


Lubaga, Kampala
11 Aprili 2003

Kwa mwanangu Dady,

Barua hii mama yako hajui naiandika, na wazee wa kanisa hawatajua.

Dada yako anataka neno langu. Nimelikalia tangu mwezi wa pili, nikisema nangoja Mungu anionyeshe. Ukweli ni kiburi. Nilimpoteza njiani mwaka ule wa vita, nikamtafuta Goma, nikamtafuta Mbarara, nikiahidi kila kitu kama nitamwona tena. Nikamwona, naye akaniambia anakwenda. Tangu siku ile nina kidonda na nimekiita imani.

Nenda kwenye hiyo monasteri tarehe 4 Mei. Usiogope sanamu zao, wewe si wa kuziabudu. Mwekee mkono wa kuume kichwani, umwambie hivi, usiongeze wala usipunguze: "Baba yako hana kinyongo na wewe. Amekuachilia kwa amani. Mungu aliyetuvusha mpakani atembee mbele yako."

Fika mapema. Usije ukachelewa kama ilivyo kawaida yako.

Baba yako,
Mchungaji Mugisho


Italia ya kusini
6 Mei 2003

Baba,

Barua hii usimpe Mama kabla hujaimaliza mwenyewe. Nampa Bienfait, anarudi Kampala Ijumaa na mizigo yake ya biashara. Simu nimeikataa. Neno kama hili siwezi kulipeleka kwenye kibanda cha simu cha jirani yenu Nabwire, watu wakisubiri zamu yao.

Barua yako ilinifikia siku chache tu kabla. Msimamizi wa shamba alininyima Jumamosi, nikaondoka Jumapili alfajiri, na basi likaharibika njiani. Nilipopanda ule mlima kengele ilikuwa inapigwa. Si kama za Lubaga zinazoita watu. Inapigwa mara moja, kimya kirefu, kisha tena. Nikajiuliza nani amekufa.

Askofu wao alikuwepo, kwa hiyo polisi walijaa mlangoni wakiongoza magari. Nikapita nimeinamisha kichwa. Ndani watu wamejaa, wenye kamera na wazee wa kijiji waliovaa suti. Nikajisukuma mpaka karibu na zile nondo. Masista walikuwa wamesimama mstari, wanaimba wimbo mrefu wa kuwaita watakatifu mmojammoja. Nikatafuta sura za kwetu. Nikaona ya kwanza, nikaona ya pili. Ya tatu sikuiona. Ndipo nikatazama chini.

Exaucée alikuwa amelazwa sakafuni, juu ya mawe, amefunikwa nguo nyeusi yenye msalaba, mishumaa inawaka pande zote. Walikuwa wamemlaza kifudifudi. Sijui ni watu gani wanaolaza maiti hivyo. Nguo haikufika miguuni. Nyayo zilibaki nje, na juu ya kisigino cha kushoto nikaona lile kovu la mafuta, la siku kikaango cha dagaa wa sambaza kilipompindukia Bukavu. Mimi ndiye niliyempaka asali siku ile. Sikukosea, Baba. Nilitamani nikosee.

Nililia kwa sauti, kama tunavyolia sisi. Watu wote wakageuka, na polisi mmoja akaanza kunijia katikati ya viti. Unajua sina karatasi. Nikatoka mbio kwa mlango wa pembeni, nikashuka mlima kwa miguu mpaka barabara kubwa. Sikumuuliza mtu alikufa lini wala kwa nini. Huko sirudi tena maishani mwangu.

Sikumwekea mkono. Neno lako bado ninalo mdomoni, sijui nilipeleke wapi.

Nisamehe,
Dady


Lubaga, Kampala
8 Juni 2003

Dady mwanangu,

Nakuandikia kwa sababu simu siwezi. Nikisikia sauti yako nitalia, na dakika zitaisha bila neno.

Matanga tumemaliza. Tulitandika mikeka uani, watu wa Bukavu wote wakaja, na Wakenya wa gereji pia. Majirani Waganda walileta kuni na matoke. Tumelia bila maiti na bila kaburi. Niliweka lile gauni lake la shule juu ya mkeka ili watu wawe na cha kutazama. Nimenyoa kichwa. Upepo ukivuma nahisi baridi na kukumbuka kwa nini.

Masista hawajatuandikia hata mstari mmoja. Baba yako anasema wanaona aibu. Nabwire, unamjua, yeye ni Mkatoliki wa kila Jumapili, alikuja akasema: "Mama Dady, mimi leo napanda kwa Father pale juu. Naulizia nyinyi vizuri. Yeye anaweza andikia hao masista, wanamwambia mtoto alikufa na nini. Na misa tunamwombea." Nilikuwa nimeshavaa viatu niende naye. Baba yako alikuwa ndani. Akatoka, akasema: "Nabintu, wamenichukulia mtoto, wamemlaza chini kama mnyama. Nyumba hii haitapanda kilima kile kuomba kitu." Nikavua viatu. Nabwire akajiendea zake, na kwa heshima ya mfiwa hakulitaja tena.

Sasa sikia yanayonitisha. Baba yako ameacha kuhubiri. Wanaimba bila yeye pale Kabalagala. Amenieleza kuhusu neno lililochelewa, na kwamba angelituma Februari ungemkuta hai. Anarudia hilo tangu asubuhi mpaka jioni. Vidonge hanifichi tena. Ananiangalia machoni na kuviweka mezani. Nimepiga magoti, nimetukana, nimeita wazee wa kanisa. Anasema, "Acheni nipumzike."

Sijui nifanye nini. Kweli sijui.

Mama


Monasterini, Italia
24 Juni 2003

Wapendwa Baba na Mama,

Naandika leo, ila barua zetu baada ya nadhiri hutoka mara mbili tu kwa mwaka. Hii itaondoka siku ya Kupalizwa Bikira Maria, mwezi wa nane, na nyingine Noeli. Itawakuta mkiwa wazima, kwa neema ya Mungu.

Imekwisha, mimi ni wa humu sasa. Na kwa kuwa imekwisha, naweza kuwaeleza yale niliyoficha Januari. Hapa anayeweka nadhiri hulala kifudifudi sakafuni, wanamfunika nguo nyeusi ya mazishi na kugonga kengele ya msiba, maana amekufa kwa ulimwengu. Kisha wanamwita, anainuka, wanamvika shada la maua kama bibi harusi. Wamefanya hivyo tangu nyumba hii ijengwe. Baba, najua umekunja uso. Niliogopa ukilijua hilo hutanipa neno lako kabisa.

Nilimsubiri Dady asubuhi nzima. Kimlango kilikuwa wazi. Wakati wa kulala ulipofika sikuwa nimemwona, na nililala chini ya ile nguo nikiwa na uchungu. Mawe yalikuwa baridi. Halafu nikasikia mtu akilia nyuma ya nondo, kilio cha kwetu kabisa, huku hakuna anayelia hivyo. Nikajua ni yeye. Nikasema, Baba amemtuma, Baba amenikubali. Nikainuka kwa furaha ambayo siwezi kuiandika. Nilipotazama hakuwepo, na masista walisema aliondoka kwa haraka. Nadhani aliona haya kulia mbele ya wazungu. Mtanieni kwa niaba yangu.

Baba, asante. Hata kama hukusema, nimelisikia.

Binti yenu mwenye furaha,
Exaucée


Lubaga, Kampala
20 Julai 2003

Dady,

Baba yako ametutoka Jumanne. Alikuwa amelala usingizi wa sukari siku mbili, hospitalini wakasema tumechelewa kumleta. Sikuchelewa mimi. Ni yeye aliyekataa kubebwa.

Tumemzika kwenye kiwanja cha kanisa la marafiki zake, njia ya kwenda Port Bell. Wale walevi wawili waliookoka ndio waliochimba kaburi, hawakutaka mtu awasaidie.

Kabla hajapoteza fahamu aliniambia, "Nitamwambia mwenyewe." Nilijua ni nani.

Usijilaumu. Nasema hivyo na najua hutasikia.

Mama


Italia ya kusini
17 Agosti 2003

Mama,

Simalizi siku bila chupa. Nakwambia kwa sababu utaona mwenyewe nikija.

Nimewaza sana. Kama ningeandika uongo kwamba nimemwona na anacheka, Baba angekuwa hai. Wenzangu kambini wananiambia hivyohivyo, kwamba habari nyingine haziandikwi. Nawajibu kwamba baba ana haki ya kujua mwanawe amekufa. Nilichoandika kilikuwa kweli. Hilo tu ndilo linalonishikilia, Mama. Kuna reli nyuma ya shamba, na kila jioni nikisimama pale najiambia: niliandika kweli, sikumdanganya Baba. Kisha narudi kulala. Siku nitakayokosa hilo sina kingine.

Nimeamua kurudi. Nitajipeleka kwa polisi mwenyewe. Nilikuja na pasipoti ya Uganda, watanirudisha Entebbe. Nitakaa na wewe, nitabeba vitenge vyako. Umebaki peke yako na mimi nimebaki na wewe tu.

Dady


Lubaga, Kampala
14 Septemba 2003

Exaucée,

Barua yako ilifika kwenye sanduku la Nabwire. Aliniletea ameishika mbali na mwili wake, na hakuthubutu kunitazama. Niliifungua nikidhani ni ya zamani iliyopotea posta. Nikasoma juu ya nguo nyeusi. Nikasoma tena. Nabwire anasema nilipiga kelele mpaka fundi viatu akaingia na nyundo. Tulimwambia nimeona nyoka.

U hai. Nimelala na neno hilo, nimeamka nalo, na sijui niliweke wapi.

Sasa nisikilize, maana sitakuandikia mara mbili. Yule aliyelia nyuma ya nondo ni Dady kweli. Alifika kwa kuchelewa, akakuona chini, akaona kovu lako, akasikia kengele ya msiba. Alituandikia umekufa, na sisi tukakulilia. Baba yako aliacha dawa, akafa mwezi wa saba. Hakufa na hasira nawe. Alikuwa amemtuma Dady na neno, nalo alinieleza mwenyewe lote lilivyo kabla hajafa: "Baba yako hana kinyongo na wewe. Amekuachilia kwa amani. Mungu aliyetuvusha mpakani atembee mbele yako." Ni lako, lichukue.

Nimekukasirikia. Sitaki ujifariji kwamba Mama anaelewa. Ungeandika Januari mstari mmoja tu kuhusu ile nguo, baba yako angefoka wiki nzima, na leo angekuwa uani na sukuma wiki zake. Ulimficha ukidhani unamstahi. Nami nina hasira na baba yako pia, pale alipo, na mimi mwenyewe niliyevua viatu. Nabwire amepanda kilima sasa, amemuuliza Father. Naye Father alimweleza mambo yote wamesimama tu pale mlangoni, hata hakumkaribisha kuketi, jinsi lilivyokuwa jambo dogo.

Sasa Dady. Anarudi. Wamemweka mahali wanapowafungia wasio na karatasi, na amepiga simu kwamba Alhamisi anashuka Entebbe. Anakunywa. Ameniandikia kwamba kinachomzuia asijitupe kwenye reli ni kitu kimoja, kwamba alichomwandikia baba yake kilikuwa kweli. Unaelewa ninachokuambia? Siku atakayojua kwamba u mzima, siku hiyohiyo atajua ni nini kilichomuua baba yake. Nami nitazika mtoto tena, na safari hii kutakuwa na maiti.

Nimeuliza moyo wangu kila upande. Nimesema labda baadaye, labda akipona pombe, labda akioa. Halafu namwona ameketi mbele yangu nikimwambia, na sioni dakika inayofuata.

Wewe una Mungu na masista kumi na mmoja, na umechagua mwenyewe. Yeye ana mimi tu. Kwa hiyo usimwandikie Dady. Na mimi usiniandikie, maana atakaa nami chumba hiki kimoja, na barua ni yeye atakayekwenda kuzichukua. Mwezi wa kumi na mbili barua zenu zikitoka, yako isiwemo. Nabwire anajua na Father anajua, wote wameapa. Watu wakinipa pole yako njiani nitaipokea na kushukuru. Jumapili Dady akitaka twende kuweka maua mahali fulani kwa ajili yako, nitakwenda naye.

Sijawahi kukuomba kitu tangu uondoke, hata ndege ulipopanda sikukuomba ubaki. Leo nakuomba hili. Niliposikia umekufa nilidhani hakuna uchungu unaozidi ule. Sikujua.

Ile barua yako nimeichoma kwenye sigiri ya mkaa leo asubuhi, baada ya kuisoma mpaka nikaijua kwa moyo. Hii ukishaisoma, ichome na wewe. Vaa soksi, huko kuna baridi.

Usijibu.

Mama yako,
Nabintu